Ombi Lisilo na Ukomo

Rafiki yetu, fundi wa seva, alirithi programu ya Java ya marehemu kaka yake, akaibeza. Ndani yake, ombi moja lililotumwa kwa seva liliachia uzi, yaani njia ya kushughulikiwa, uhudumie mengine, lenyewe likakaa pembeni likingoja jibu, bila ukomo.

"Uzembe mtupu! Huyu naye alijiita fundi?"

Mjane wa marehemu alimsihi kutoka sebuleni, kompyuta ya betri mapajani. "Shemeji, usizime. Ombi hili kaka yako alilituma kwa kompyuta hii asubuhi aliyofariki. Bado linangoja."

"Basi lingoje hadi kiyama!"

Akazima swichi kuu. Feni za seva zikavuma, zikafifia, zikanyamaza. Giza likajaa chumba. Mola atusitiri, katika kimya kile kompyuta ya mjane ikalia mara moja.

"Shemeji," akanong'ona, "limejibiwa. Anauliza mbona umemzimia taa."