Tabea na Mwaliko wa Shamba la Viazi

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka kwenye mabonde ya Mahongole, Tabea alikuwa ameshachota maji, ameshafagia bweni na kukaa kwenye dawati la mbele. Tangu aanze shule hakuwahi kuwa wa pili. Wenzake walimwachia nafasi hiyo bila ugomvi, naye akaiona ni mali yake. Kisha akaja Noela kutoka Makete, binti wa Kikinga aliyesema Kibena, lugha ya pale, kwa kubabaisha, na raha ya Tabea ikaingia mchanga.

Noela hakumshinda kwa hesabu wala Kiingereza. Angemshinda huko, Tabea angejua la kufanya. Tatizo ni kwamba Noela alipendwa. Watoto wa madarasa ya chini walimfuata kisimani, na wasichana waliokuwa hawasemezani walikaa benchi moja akiwapo yeye. Tabea alimwonea kijicho hata kicheko chake kikawa kinamkera.

Mwaka huo Mwalimu Manase, aliyekuwa amesoma Makerere, aliombwa na chuo kimoja cha ualimu upande wa Njombe asaidie kupanga masomo mapya.

"Chuo kinatoa walimu wanaojua vitabu," aliliambia darasa la nane. "Ukimpeleka mmoja kijijini, hawezi kusema na wazazi wala kusimamia kazi, na akiudhika anajifungia ndani. Nataka mambo hayo nayo yafundishwe. Kabla sijayapeleka chuoni, nitayajaribu kwenu. Kila mmoja atasimamia kazi moja ya kweli. Chuo kina nafasi moja kwa shule yetu, na nitampendekeza atakayesimamia kazi yake vizuri kuliko wote."

Tabea alipewa kuwafundisha kusoma watoto wa darasa la kwanza. Aliwafundisha barabara, ingawa wengine walilia. Noela alipewa shamba la viazi la shule: awaalike kina mama wa kijiji, awapikie, na shamba lipandwe lote kabla ya mvua kubwa. Tabea aliposikia, moyo ulimchoma. Kazi kubwa namna ile, na katika kijiji chao, apewe mgeni?

Jioni Noela alimfuata. "Dada Tabea, hapa ni kwenu. Naomba uwaalike kina mama kwa niaba yangu. Kibena changu watakicheka."

"Nitawaalika," Tabea alijibu.

Sasa, mtu wa pale haalikwi kulima kwa tangazo. Unamfuata mlangoni kwake, unamwamkia, unaulizia watoto, ndipo unatoa haja yako. Ukiwaita watu wote kwa pamoja, maana yake hakuna uliyemhitaji. Kila mtoto wa Mahongole alilijua hilo. Noela hakulijua, maana kijijini kwao tangazo la kanisani lilitosha.

Jumapili, baada ya ibada, Tabea alisimama mbele ya watu akatangaza kwa Kibena safi siku ya kazi, mahali na chakula kitakachopikwa. Hakusema uongo hata neno moja. Alirudi bwenini akamwambia Noela kwamba ameshawaalika, na Noela akamshukuru sana.

Siku ilipofika, Noela alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alipika makande ya kushibisha kijiji, akaandaa na togwa. Jua likapanda. Shambani palikuwa na wanafunzi peke yao, na mpaka adhuhuri hakutokea hata mama mmoja. Tusimfiche Tabea: alifurahi. Alijifanya anapanga viazi vya mbegu ili asionekane uso.

Mwalimu Manase alikuja akayatazama magunia. Viazi vilikuwa vimeshachipua, na mawingu yalikuwa yanajikusanya.

"Kosa ni langu, Mwalimu," Noela alisema. "Tabea alinisaidia vizuri. Mimi ndiye sijajua kukaa na watu wa hapa."

Mwalimu aliyaacha magunia, akawageukia. "Basi jina nitakalopeleka chuoni ni la Tabea."

Hilo ndilo alilolitaka Tabea mwaka mzima. Noela akamshika mkono. "Hongera, dada. Utakuwa mwalimu mzuri." Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akampakulia makande, lakini Tabea hakuyagusa. Aliona aibu. Aliweka sahani chini, akatoka shuleni bila kumuaga mtu.

Alianzia kwa Mama Laurenti, ambaye alikuwa uani akichambua maharage.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Kumbe mlango wangu unaujua," Mama Laurenti alisema bila kuinua kichwa. "Jumapili mlituita kanisani kama jumbe anayetuitia kodi. Yule Mkinga hakufundishwa adabu?"

"Si yeye, mama. Aliniomba mimi niwaalike, nami nilijua inavyopasa. Nilifanya makusudi. Nilimwonea wivu."

Mama Laurenti aliacha kuchambua. "Mama yako analijua hili?"

"Bado."

"Mimi nitakuja kesho. Wewe nenda kwa wengine, na kila mlango useme hivyohivyo. Usipunguze neno."

Tabea alizunguka mpaka jioni. Baadhi walimkaripia, mmoja alimcheka mbele ya watoto wake, naye akavumilia. Kesho yake kina mama walikuja na majembe begani, wakaimba, wakapanda, na mvua ya kwanza ikawakuta wanakunywa togwa barazani.

Hapo Tabea akamwendea Mwalimu Manase, akamweleza yote Noela akisikia.

"Jana nililala nikijiona sina akili," Noela alisema taratibu. "Nimekusikia, Tabea. Lakini leo niache kwanza."

"Nafasi ni ya Noela," Mwalimu alisema. "Kazi ilipomharibikia, hakumtafuta wa kulaumu. Wewe, Tabea, umeipoteza kwa mikono yako."

Tabea alilia, lakini hakubisha.

Mwaka mpya ulipoanza, Tabea na Mwalimu walimsindikiza Noela mpaka Makambako kupanda lori la Njombe. Tabea ndiye aliyejitwika sanduku lake njia nzima. Walipoagana Noela alicheka, akamwambia, "Niandikie, usinisahau." Lori lilipoondoka, Tabea alibaki ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, bado wivu unaniuma."

"Utakuuma tena na tena," Mwalimu Manase alisema. "Hata mimi, mwenzangu akisifiwa, unaniuma. Katika mpango wangu niliweka kilimo, usimamizi na kusema mbele ya watu, nikasahau somo hili. Nimeliongeza: mwalimu ajifunze kufanya kazi na anayemzidi, bila kumchimbia shimo. Wivu humjia kila mtu, Tabea. Kosa ni kuupa kazi ya kufanya. Ulipoutuma kanisani, ulitaka kuharibu shamba la watu wote ili umwangushe mmoja."

"Na somo hilo linafundishwaje, Mwalimu?"

"Chuo kimeniuliza vilevile. Nimewajibu kwamba mwanafunzi wangu mmoja ameshalisoma, kwa kubisha mlango baada ya mlango."