Kunde Hazikungoja Mvua

Akiba haiozi, watu husema. Aliyesema hivyo hakuwahi kuweka gunia la majani ya kunde jikoni kwa Eucabeth. Pale Kisegi, kijijini kando ya ziwa, akiba yake iliozea guniani siku ya tatu, na harufu ikamfikia jirani kabla ya salamu.

Ilikuwa mwanzo wa Desemba. Mvua za vuli zilikuwa zinaaga. Bustani nyuma ya nyumba ilijaa kunde, mnavu na mgagani. Kila asubuhi Eucabeth alichuma kapu zima. Walikula, akagawa, na bado zikabaki. Sokoni kila mtu alikuwa muuzaji wa mboga, hakuna mnunuzi. Hata mbuzi walishiba, wakaanza kuzipita kwa madaha.

Lakini Eucabeth aliijua Januari. Ardhi hupasuka. Bustani hugeuka vumbi. Watu hula ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, kesho omena na ugali, mpaka mvua za Machi.

Mwaka huu hilo halikuwa jambo dogo. Eucabeth alikuwa na mimba ya miezi sita. Muuguzi wa zahanati alimpima damu, akatikisa kichwa.

"Mama Lynnet, damu yako ni tisa. Nataka ivuke kumi na moja kabla hujajifungua. Meza vidonge hivi kila siku, usiruke hata siku moja. Na ule mboga za majani kila siku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtoto aje. Na baada yake pia."

Mtoto angekuja mwisho wa Februari. Huo ndio mwezi ambao pale Kisegi mboga huonekana ndotoni tu. Eucabeth alipomzaa Lynnet, alipoteza damu nyingi, akalazwa wiki mbili. Hakutaka kurudi kwenye kile kitanda.

Basi akaamua kukausha mboga. Na mtu wa ziwani hukausha vipi? Kama omena. Wesley, mumewe, alikuwa na wavu wa kuanikia omena. Eucabeth aliutandaza chini, jua la saa sita likiwaka, akamwaga kunde mbichi juu yake. Baada ya siku tatu zilikauka, zikawa na rangi ya majani ya chai. Akazipika kwa furaha.

Wesley alitafuna mara moja, akatulia. Mchanga ulilia kati ya meno yake.

"Mama Lynnet, hii ni mboga au ni omena iliyobatizwa?"

"Kula."

"Ninakula. Nauliza tu, nimshukuru Mungu kwa kipi?"

Lynnet alicheka mpaka akamwaga maji. Eucabeth naye alicheka. Kisha akaitazama sufuria, akashika tumbo lake, akaacha kucheka.

Asubuhi aliwamwagia kuku zile mboga. Kuku walizikagua, wakaondoka. Hapo ndipo Nyarangi alipopita. Nyarangi alikuwa Mkuria wa Kehancha, Msabato, mwenye kibanda cha mboga kavu sokoni. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Jirani, umewakosea nini kuku wako?"

Eucabeth alimweleza yote: damu tisa, Februari, wavu wa omena. Nyarangi akacheka, kisha akaweka kapu lake chini.

"Omena ni omena, jani ni jani. Ukilianika kwenye wavu wa samaki, litanuka samaki. Ukilianika chini, utakula mchanga na mavi ya kuku. Na jua kali huliunguza, nguvu yake ikapotea. Una sufuria kubwa?"

"Ninayo."

"Una muda leo?"

"Nina mimba, sina kazi nyingine," Eucabeth akasema, wakacheka wote wawili.

"Basi leo ni leo. Kesho Ijumaa nafunga kibanda mapema, na Sabato usinitafute."

Walichuma kunde changa kabla jua halijapanda. Wakaziosha mara tatu, mpaka maji yakabaki meupe. Nyarangi akachemsha maji, akatia chumvi kijiko kimoja, akatumbukiza mboga.

"Sasa hesabu polepole mpaka mia moja na hamsini."

"Sina saa."

"Una mdomo. Hesabu."

Eucabeth akahesabu. Kunde zikawa kijani kibichi cha kung'aa. Nyarangi akaziopoa haraka, akazitia katika maji baridi, kisha akaziacha zichuruzike.

"Maji ya moto huua vijidudu na kushika rangi," akasema. "Maji baridi huzuia mboga isiendelee kuiva. Ukizidisha moto, umepika. Ukipunguza, zitaharibika kwenye kopo."

Wakajenga kichanja cha miti, urefu wa kiuno, kivulini, mahali upepo wa ziwa unapopita. Wakatandika mkeka safi, wakatawanya mboga, safu moja nyembamba. Kilibaki kitu cha kufunika, nzi wasitue. Eucabeth akakimbia ndani, akarudi na chandarua.

"Rudisha!" Nyarangi akamkemea. "Hicho kina dawa ya mbu. Unataka kula dawa? Lynnet na alale chini yake. Lete leso nyepesi."

Leso ya harusi ya Eucabeth, iliyochakaa lakini safi, ikafunika kunde. Kila jioni aliziingiza ndani zisipate umande. Kila asubuhi alizigeuza. Jumapili Nyarangi alichukua jani moja kati ya vidole.

"Likikunjika, bado. Likivunjika, tayari."

Jani likavunjika, *kach!* Wakazijaza kwenye makopo makavu yenye vifuniko vya kubana, wakayaficha chini ya kitanda, gizani.

"Ukiona ukungu siku yoyote, tupa kopo lote. Usionje," Nyarangi akaonya. "Na ukitaka kupika, loweka kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Kamulia ndimu, damu hupokea mboga vizuri zaidi. Chai usinywe pamoja na chakula. Ngoja kidogo."

"Asante, dada."

"Usinishukuru bado. Kopo huisha. Unahitaji na bustani ya kiangazi."

Akamwonyesha wapi pa kuchimba, karibu na mahali pa kuoshea vyombo. Wesley ndiye aliyechimba. Alianza kuinua tuta juu, kama walivyozoea wakati wa mvua.

"Shemeji, unalipandisha liende wapi?" Nyarangi akauliza. "Wakati wa mvua tunapanda juu ili maji yakimbie. Kiangazi tunapanda chini ili maji yabaki. Chimba futi mbili. Weka majani makavu, kisha udongo na mbolea ya ng'ombe iliyooza. Uache kitalu kiwe chini ya ardhi kwa shibiri moja. Kisha funika kwa nyasi kavu, jua lisinyonye maji. Mimina maji ya kusuuzia mboga jioni, kwenye mizizi."

Ule wavu wa omena nao ukapata kazi mpya. Wesley aliuzungushia kitalu kizima, kuku wakabaki nje wakitazama.

Ilibaki mbegu. Na mbegu zilikuwa kwenye kibuyu cha Mama Orpah.

Orpah alikuwa mama yake Wesley. Kibuyu chake kilining'inia juu ya jiko, mbegu zimechanganywa na majivu. Katika boma lile, mbegu ya kwanza ya msimu ilitoka mkononi mwake. Mkaza mwana hakupanda kabla ya mama mkwe. Lakini Orpah alikuwa ameenda Masara, akiwalea watoto wa mwanawe mwingine, na hangerudi mpaka Machi. Eucabeth akampigia simu.

"Kibuyu usiguse," Orpah akajibu. "Nyar Karungu, ngoja nirudi." Alimwita hivyo siku zote, binti wa Karungu, kwa kuwa huko ndiko Eucabeth alikozaliwa.

Simu ikakatika. Wesley akakuna kichwa. "Mama amesema ungoje."

"Na hili tumbo nalo lingoje?"

 Wesley akaenda kuleta kigoda, akakiweka chini ya kibuyu, akakishika kisiyumbe. Eucabeth akapanda mwenyewe, akateremka na mbegu za kitalu.

Januari ikaja na hasira zake. Kisegi ikawa kahawia. Kitalu cha Eucabeth kikabaki kijani, kama kipande cha kitenge kilichodondoka vumbini. Siku moja alipika kunde mbichi, siku mbili akapika za kopo, kwa maziwa au kwa karanga. Wesley aliomba nyongeza, bila maswali ya ubatizo. Mashina sita ya kunde Eucabeth hakuyachuma hata jani. Aliyaacha yazae mbegu.

Katikati ya Februari muuguzi alipima damu tena.

"Kumi na moja na nusu! Umekula nini wewe?"

"Vidonge vyako," Eucabeth akasema, "na maneno ya Mkuria mmoja."

Mtoto alizaliwa zahanatini, msichana. Damu haikumwagika kupita kiasi. Siku ya pili mama na mtoto walikuwa nyumbani. Walimpa mtoto jina la Nyarangi. Mwenye jina lake alilia, kisha akamkemea mtoto kwa kumliza.

Wiki mbili baadaye Orpah alirudi. Alimbeba mtoto, akamwombea, akamtazama kila kidole. Kisha akakiona kitalu.

 Aliketi, akaletewa ugali na kunde za maziwa. Akala. Akaongeza. Akapangusa sahani kwa tonge la mwisho.

"Mboga ni tamu," akasema. "Lakini nilikataza, na kibuyu kikafunguliwa. Nasubiri uniombe msamaha, Nyar Karungu."

Eucabeth aliinuka, mtoto kifuani, akapanda kigoda kile kile, akakishusha kibuyu kwa mkono mmoja. Kilikuwa kizito kuliko alivyokikuta. Akakiweka mapajani mwa mama mkwe.

"Mbegu zako zimerudi, Mama, zimekuja na wenzao. Asante kwa kuzitunza miaka yote hii. Zilinilisha mimi, na zimemlisha huyu. Shamba la mahindi hakuna aliyeligusa. Utalifungua wewe, nami nitakufuata nyuma. Nakushukuru leo, na kesho nitakushukuru tena."

Orpah alikitikisa kibuyu, akasikiliza mbegu. Uso wake ulitaka kutabasamu, akauzuia.

"Hizo ni shukrani. Mimi nimetaka msamaha."

Mtoto alitafuta titi. Eucabeth akampa, akaketi vizuri, akamtazama mama mkwe wake machoni.

"Msamaha hapana, Mama. Huo siombi."