Ukurasa wa Ishirini

Kila siku, saa mbili kasoro robo asubuhi, baba yangu alikwenda kazini. Safari yake ilikuwa ya hatua kumi na moja: kutoka meza ya chai hadi kona ya sebule, ambako kompyuta yake ilikaa imefunikwa kitambaa cheupe kama bibi harusi. Akifika alivua saa ya mkononi, akanawa mikono kwa mara ya pili, akafunua kitambaa na kutangaza, "Nimeshaingia ofisini. Anayenitafuta aambiwe nina kikao." Hakuna aliyewahi kumtafuta, lakini tulimwitikia kwa heshima zote.

Baba alikuwa mpanga kurasa. Watu walimletea maandishi yao yakiwa na mikunjo na madoa ya chai, naye aliyapanga yakawa kitabu: herufi za ukubwa huu, pambizo za upana huu, namba za kurasa hapa chini. Programu aliyoitumia haikuwa ya kubofyabofya picha. Uliiandikia amri, nayo ikatii. "Mashine hii inanijua mimi tu," alipenda kusema. "Mwingine akiigusa, inanuna."

Kusema maneno hayo mbele yangu kulikuwa sawa na kumkabidhi paka kitoweo alinde.

Nami nijitambulishe kwa unyenyekevu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwanafunzi wa shule ya bweni, nimekuja nyumbani likizo. Shuleni waliniita Profesa. Jina hilo halikutokana na alama zangu. Lilitokana na siku ambayo kompyuta zote za maabara zililia kama kengele ya mapumziko, dakika ishirini kabla ya wakati. Uchunguzi wa tukio hilo haujakamilika hadi leo, nami sina la kuongeza.

Mwaka huo bibi, mama yake baba, alikuwa anajifunza kusoma. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kila Jumanne na Jumamosi alikwenda darasa la watu wazima, penseli yake moja ameifunga kwenye leso kama kito. Mwalimu wake alitunga kitabu cha kurasa ishirini na nne, akampa baba akipange kwa herufi kubwa, kwa kuwa macho ya wanafunzi wake yalikuwa yameona mengi. Siku ya kupokea vitabu, kila mwanafunzi angesoma ukurasa mmoja mbele ya jamaa zake. Walipiga kura. Bibi akaangukiwa na ukurasa wa ishirini.

"Bibi, nikusomee kidogo ujiandae?" nilimwuliza, maana karatasi zilikuwa pale pale mezani kwa baba.

"Koma, mke mwenzangu!" Aliziba masikio. Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, eti nilikuja kumnyang'anya babu. "Nikishausikia nitaukariri. Kasuku naye hukariri. Mimi nataka kusoma."

"Tofauti iko wapi? Watu watapiga makofi tu."

Akashusha mikono. "Tangu ujana wangu barua zangu zimesomwa na watu wengine. Wapo waliozisoma wakacheka kwanza, ndipo wakaniambia kilichoandikwa. Na mimi nangoja, nawaangalia midomo. Hiyo ndiyo tofauti."

Ningeyashika maneno hayo, pengine nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Ijumaa mchana kitabu kilikuwa tayari. Baba alikuwa ameshakisoma chote kwenye karatasi, neno kwa neno, akaenda kujinyoosha baada ya chakula. Nikanawa mikono, kwa sababu hata mhalifu ana adabu zake, nikaketi kwenye kiti chake.

Kwanza niliitafuta mipangilio ya programu katika folda yake kuu. Nilikuta mafaili mamia, yenye majina kama namba za magari, nikaogopa kuyagusa. Ndipo nikafungua maelekezo na kusoma kwa bidii ambayo walimu wangu hawajawahi kuiona. Nikagundua siri. Kabla ya kutazama mipangilio mikuu, programu ile hutazama kwanza folda ndogo iliyo ndani ya folda ya nyumbani ya mwenye kompyuta. Likiwepo agizo humo, hulifuata hilo na kuyaacha mengine. Folda ya baba ilikuwa tupu. Ilikuwa kama mlango wa uani usio na komeo.

Nikaandika faili la mistari mitano. Ukurasa wa kwanza ubaki kama kawaida. Kuanzia wa pili, kila ukurasa ubaki na maneno yake yale yale, lakini herufi zipungue kidogo. Nikajaribu. Ukurasa wa tatu hakuna ambaye angeshtuka. Wa kumi ulifanana na gazeti. Wa ishirini ulikuwa msafara wa sisimizi. Wa ishirini na nne ulikuwa vumbi. Nilicheka nimejiziba mdomo kwa kile kitambaa cheupe.

Mpango wangu ulikuwa mzuri sana. Jioni baba angefungua kitabu, angepiga kelele, nami ningefika kama daktari bingwa, ningeomba kiti, ningeshusha pumzi ndefu na kuiponya kompyuta. Baba angesema, "Kweli mwanangu amesoma." Ile pumzi nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi.

Bibi akanituma kwa fundi viatu nikachukue viatu vyake vya kuvaa kesho. Kulikuwa na foleni. Niliporudi, kompyuta ilikuwa imefunikwa na baba hayupo.

"Amekwenda kupeleka kitabu kikachapishwe," alisema bibi. "Mwalimu alipiga simu kwamba mwaka umekosewa pale mbele. Amerekebisha, ameuangalia ule ukurasa wa kwanza, akatia kitabu kwenye flashi na kukimbia. Jamaa wa mashine anataka kufunga mapema. Hebu nione viatu vyangu. Ah! Vinang'aa kama vya waziri!"

Nilitoka nje kuchungulia kama baba anarudi.

Baba alirudi anapiga mluzi. Nikamfuata hadi mlangoni.

"Baba."

"Naam, mama."

Maneno yalikuwa hapa, nyuma ya meno. Namba ya yule jamaa wa mashine ilikuwa kwenye simu, mfukoni mwa baba. Dakika moja tu ingetosha.

"Chai iko tayari," nikasema.

Kesho yake tulikwenda sote darasani. Mwalimu alikata kamba ya mzigo wa vitabu, watu wakavipokea kwa mikono miwili. Fundi cherehani mzee akafungua pazia kwa ukurasa wa tatu, akasoma vizuri kabisa, akapigiwa makofi. Nikaanza kuomba muujiza. Mama mmoja muuza nguo akasimama na ukurasa wa kumi na mbili. Akaunyoosha mkono mbali, akaunyoosha zaidi.

"Jamani, mkono wangu umekuwa mfupi!" akasema. Watu wakacheka. Akajikongoja hadi mwisho.

Kisha akaitwa bibi.

Alisimama na viatu vyake vinavyong'aa. Akafungua ukurasa wa ishirini. Akaisogeza miwani juu, akaishusha. Akakileta kitabu karibu na pua, akakipeleka mbali, akaenda nacho dirishani kwenye mwanga. Chumba kizima kilimngoja. Niliona midomo yake ikijiandaa kwa herufi ya kwanza, kisha ikafunga.

"Mwalimu," alisema polepole, "nisameheni. Macho yameniacha njiani." Akarudi kuketi, akakiweka kitabu mapajani kifudifudi.

Baba alikichukua kitabu mapajani kwa bibi. Nilimwona akifungua, akifungua tena, mpaka mwisho. Akasimama mbele ya watu wote.

"Wazazi wangu, macho yenu ni mazima. Kosa ni langu. Nimepanga vibaya."

"Ah, fundi!" alisema fundi cherehani. "Umeanza na kanzu ukamalizia na kitambaa cha jasho!"

Walicheka kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya zaidi. Baba aliinamisha kichwa. Mimi, mtu pekee mle ndani aliyejua kila kitu, nilikuwa nahesabu misumari ya benchi.

Mchana kutwa baba alikaa kwenye kona yake. Alifungua folda kuu ya mipangilio, faili moja baada ya jingine, akilinganisha na daftari lake la kazi.

"Kila kitu kiko sawa," alisema, akafuta uso. "Nimetazama mara tatu. Basi kosa halimo humu, limo kwangu. Mwalimu nitamwambia kazi zijazo ampe mtu mwingine. Labda nimeanza kuzeeka."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nacho kilikuwa kimesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Nikaenda uani. Bibi alikuwa kwenye kigoda, leso imefunguliwa. Alinishika mkono, akaniwekea penseli yake kiganjani. Ilikuwa imebaki fupi kama kidole gumba.

"Chukua, mke mwenzangu. Wewe bado unaona."

"Baba amesema macho yenu ni mazima, bibi."

"Baba yako ananistahi mimi mama yake. Ningekuwa naona, ningesoma."

Hapo nililia. Kilio chenyewe hakikuwa cha heshima. Kilikuwa na makamasi. Nilimwambia yote: ile folda, mistari mitano, daktari bingwa, hata mazoezi ya pumzi. Bibi aliinuka. Alinishika mkono ule ule wenye penseli, akaniongoza hadi sebuleni, akanisimamisha mbele ya baba.

"Mwambie na huyu."

Nikasema mara ya pili. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Baba hakufoka. Aliinuka, akanionyesha kiti chake.

"Kaa. Nionyeshe."

Nikafungua ile folda ndogo. Akainama, akasoma mistari mitano, mmoja mmoja.

"Imeandikwa vizuri," alisema. Afadhali angenichapa. "Huku sikutafuta. Hii ni folda ya nyumbani. Sikudhani kosa linaweza kutoka nyumbani."

"Nisamehe, baba."

"Jana mlangoni uliniita. Ulitaka kusema hili?"

"Ndiyo."

"Ukaniambia chai iko tayari."

"Ndiyo, baba."

Aliinyooshea kompyuta kidole. "Futa faili lako. Kisha tengeneza kitabu upya, utazame kurasa zote ishirini na nne kwa macho yako, si wa kwanza tu. Hilo la kutazama wa kwanza tu ni kosa langu, na nitalibeba mimi. Yako utayabeba wewe. Jumanne utasema darasani, mbele ya wote."

"Mbele ya wote?"

"Mimi nilisema mbele ya nani?"

Nikageukia kompyuta, nikalifuta faili langu.

Mchapishaji alikubali kuzitoa upya kurasa, lakini akasema hana mtu wa kuzikunja. Baba akamwambia mtu yupo. Jumapili na Jumatatu nilikunja na kubana vitabu thelathini na vitano, hadi vidole vikapata malengelenge. Kila kitabu nilikifungua ukurasa wa ishirini kuhakikisha. Sikuthubutu kuusoma kwa sauti.

Jumanne nilisimama mbele ya darasa. Nimewahi kusimama mbele ya walimu wa zamu mara nyingi, na siku zote ninakuwa na maelezo. Siku hiyo sikuwa na maelezo.

"Vitabu viliharibiwa na mimi," nikasema. "Nilitaka kumchekesha baba na kujionyesha mjuzi. Nilijua tangu Ijumaa, nikanyamaza. Macho yenu hayana kasoro. Naomba mnisamehe."

Kisha fundi cherehani akageukia wenzake. "Kumbe! Na mimi jana nimekwenda kupimwa macho!"

Muuza nguo akaangua kicheko. "Mkono wangu nao nilitaka kuupeleka kwa daktari! Mtoto wewe, una balaa!" Lakini alinisogezea benchi nikae karibu naye. Mashavu yalikuwa yanawaka. Nilitamani wangenifukuza.

Bibi alisimama bila kuitwa. Akafungua ukurasa wa ishirini, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Ba-rua. Barua i-me-fika." Akavuta pumzi. "Ni-me-i-fungua mwe-nyewe." Kidole kikasogea, kikasimama, kikasogea tena. "Nimeisoma mwenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Bibi alibaki ameutazama ule ukurasa, akausoma tena kimoyomoyo. Nikaangalia midomo yake. Ndipo darasa likalipuka.

Njiani kurudi nyumbani nilimrudishia penseli. Aliifunga kwenye leso, mafundo mawili.

"Sikiliza, mke mwenzangu," alisema. "Utani mzuri ni ule ambao mwisho wake anayetaniwa naye anacheka. Ulilofanya Ijumaa mchana lilikuwa kosa la mtoto. Kosa kubwa lilikuwa la Ijumaa jioni, uliponyamaza. Aibu haipotei, mjukuu wangu. Usipoivaa wewe, itamvaa mwingine. Jumamosi ilinivaa mimi, ikamvaa na baba yako. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla haijapata mtu wa kumrukia."

"Nimesikia, bibi."

"Na hiyo kompyuta unayoijua, njoo unifundishe. Nina barua za kujibu."

Likizo ilipokwisha, asubuhi ya kuondoka, baba alikuwa anafunga sanduku langu. Nikapita kwenye kona ya sebule kuaga. Kitambaa kilikuwa kimefunuliwa, nami nikafungua ile folda ndogo ya nyumbani, kwa nia njema kabisa, kuhakikisha tu kwamba ni tupu.

Haikuwa tupu. Lilikuwamo faili moja. Nikalifungua. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa sana, za kitabu cha bibi:

"SIKU HIZI NATAZAMA NA HUKU. NENDA KASOME. BABA."