Maua Yawe Sentimita 172

"Mama Fundi, hiyo safu ya maua umeiweka juu mno. Mimi nitayaona kwa ngazi?"

Nukta alisimama mbele ya ukuta wa jikoni, shingo kaipeleka nyuma kama anayetafuta ndege. Nukta ni jina alilopewa na mchumba wake, Mwalimu, kwa ule ufupi wake, na alilipenda sana. Wiki mbili tu zilibaki wafunge ndoa, wahamie nyumba hii.

Mama Fundi, mwanamke wa makamo mwenye penseli sikioni, alikuwa amevipanga vigae sakafuni kwanza, bila gundi, aone vitakavyokaa ukutani; gundi ilisubiri ndooni. Vyeupe vyote, na safu moja ya maua ya bluu.

"Mwanangu, mimi maua nayaweka usawa wa macho ya mpishi. Akiinua uso kutoka kwenye sufuria, akutane na ua."

"Kwani mpishi si mimi?"

Mama Fundi akajifanya anatafuta tepu yake.

"Na hizi kona za kufunga ukingo, mbona za duara? Mimi nilichagua zile bapa za alumini, zinazong'aa."

"Mwalimu alibadilisha."

"Lini?"

"Jana. Alinitumia mese..." Akajiziba mdomo, lakini wapi, limeshatoka.

"Mama yangu, naomba niione."

Simu ikatoka mfukoni na vumbi lake.

*Mama Fundi, maua yawe sentimita 172 toka chini, usawa wa macho ya mpishi. Kona za ukingo ziwe za duara, asiumie. Nukta asijue kwanza.*

Jamani. Nukta aliisoma mara tatu. Yeye mzima mzima, na viatu vyake, hafiki huko. Kichwani likamjia umbo moja tu: yule dada wa michezo anayefundisha shule moja na Mwalimu, mrefu huyo, na kicheko chake. Halafu zile Jumamosi zote Mwalimu anazopotea kutwa, ukimuuliza, "nilikuwa na kikao."

Akapiga.

"Nukta wangu, umekula?"

"Mpishi wa sentimita mia na sabini na mbili ni nani?"

Huko nyuma kengele ya shule ikalia.

"Mama Fundi kakuonyesha?"

"Nimeuliza ni nani."

"Nakuja. Usiondoke hapo."

"Njoo na Twiga wako, apimwe vizuri."

Akakata. Akavua pete, akaiweka juu ya boksi la vigae.

"Hapo hapana," Mama Fundi akamwambia taratibu. "Nikija kuibandika ukutani nitamjibu nini mwenyewe?"

"Ulijua, mama?"

"Mimi naandikiwa sentimita, mwanangu. Jina siandikiwi."

Nukta akataka kucheka, kikatoka kilio.

Haikupita nusu saa Mwalimu akafika anahema, vumbi la chaki bado liko kwenye mkono wa shati. Akainamisha kichwa kupita mlangoni. Mama Fundi akamtazama, akautazama ukuta, akamtazama tena.

"Hebu simama hapa, baba. Karibu na jiko."

Akaweka pima maji kwenye alama ya penseli. Ikakaa sawasawa na macho ya Mwalimu, hata unywele haukuzidi.

"Mpishi wako huyu hapa," akasema.

"Wewe?" Nukta akanong'ona.

"Wewe duka la dawa unatoka saa mbili usiku, mimi shule naachia saa tisa. Tufe njaa? Na tuseme ukweli, Nukta, wewe ulichemsha mayai yakaungua."

"Maji yaliisha."

"Yaliisha kwa sababu ulilala."

"Na Jumamosi?"

"Kwa baba yako."

"Baba yangu mimi?"

"Kapikia shule ya bweni miaka thelathini, nijifunze kwa nani mwingine? Mchuzi wangu wa kwanza alisema nimletee Mama Fundi abandikie vigae." Akanyoosha kidole gumba chenye plasta. "Hii si ulinifunga mwenyewe? Nilikudanganya ni karatasi. Ni kitunguu."

"Sasa kwa nini unifiche?"

"Nilitaka siku ya kwanza urudi kazini ukute sahani mezani. Basi."

Nukta akafuta macho, lakini hakuwa amemaliza.

"Na huyo wa *asiumie*?"

Mwalimu akambeba, akamkalisha juu ya meza ya zege, pale ukuta wa vigae utakapoishia.

"Kwangu kila nikichemsha chai wewe unapanda mezani unanipigia soga. Kiwiko chako kiko wapi sasa hivi?"

Kilikuwa pale pale ukingoni.

"Zile bapa zina makali," Mwalimu akasema.

Nukta akageuka.

"Mama Fundi, nipime macho nikiwa nimekaa hivi."

Tepu ikavutwa. "Mia na sitini na mbili."

"Na kigae kimoja?"

"Sentimita kumi."

"Shusha maua safu moja."

"Na mimi?" Mwalimu akauliza.

"Utainama. Milango yote unainamia, utashindwa ua?"

Mwalimu akaichukua pete pale kwenye boksi, akaipuliza vumbi. Nukta akampa mkono kabla hajaombwa.

Mama Fundi akafuta alama ya zamani kwa kidole, akachora mpya.

"Haya, shuka, mwanangu," akasema. "Gundi yangu inakauka, na wewe umenikalia meza."