Kaburi la Uani

Zamani hizo, miji ya pwani ilipokuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe, mji wa Shangweni ulizingirwa na majirani zake tangu masika hadi vuli. Shekuwe bin Mshamu hakuwapo. Alikuwa bara na msafara wa pembe na sandarusi, na habari za vita zilipomfikia aliwageuza watu wake kurudi. Njiani walishambuliwa, wengi wakafa. Waliosalia waliingia mjini na ngao zilizotoboka, Shekuwe mwenyewe akichechemea kwa jeraha la mkuki lililokataa kupona. Wakakuta adui amekwisha kuondoka.

Hakutaka kitu ila kulala. Akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya baba yake, nyumba ya mawe iliyopakana na ukuta wa mji. Ndugu yake wa kike, Mwana Mize, ndiye aliyemfungulia. Alikuwa amekonda mpaka bangili zikimvuka mikononi.

"Baba yuko wapi?"

"Yuko uani, kaka."

Akapita hadi uani, akaona kaburi. Wakati wa vita hapakuwa na njia ya kufika makaburini nje ya mji, na mume wa Mize alikuwa ameuawa ukutani. Kwa hiyo Mize alimzika baba yao pale, yeye na jirani mmoja mzee, kwa jembe lililovunjika mpini.

Shekuwe alisoma Fatiha, akaingia ndani akalala. Alipoamka alisema nyumba ni yake, kwa kuwa ndiye mwana mume, na watu wake majeruhi walihitaji pa kukaa.

"Wewe pia utakaa, Mize. Sikufukuzi."

"Nitakaa kama nani? Kama mgeni wako?"

"Nimetembea nchi nzima nikiiwaza nyumba hii."

"Nami nilibaki ndani yake," akasema Mize. "Walipotaka kuuparamia ukuta, niliwarushia mawe kutoka darini. Milango ya ndani niliipasua kuni, nikampikia baba uji. Hukuyaona hayo."

Wakaenda kwa kadhi. Naye alikuwa amezika wanawe katika vita vile, akawasikiliza kwa uso wa mtu aliyechoka kusikiliza. Marehemu aliacha nyumba na shamba la minazi, na shamba adui walilitia moto. Mwana mume ana mafungu mawili, mwana mke fungu moja.

"Sheria naijua," kadhi akasema. "Lakini Shekuwe, waweza kumwachia mwenzio haki yako. Hakuna atakayekucheka."

Shekuwe alitazama mguu wake uliovimba. "Sina nguvu ya kuanza kujenga, Shehe. Naitaka nyumba."

Basi kadhi akahukumu nyumba iwe mafungu mawili ya Shekuwe, na shamba liwe fungu la Mize. Mize hakubisha. Alichukua jungu na mkeka, akaenda kwenye shamba lililoungua, akajisimamishia kibanda.

Shekuwe akabaki na nyumba. Majeruhi wake walipona au walikufa, wakatawanyika. Kila alipokwenda kuteka maji alipita kando ya kaburi, na kila alipopita aliona alama za jembe lile bovu katika chokaa ya ua. Mwishowe akajikokota hadi shambani. Mize alikuwa akipanda minazi michanga kati ya magogo meusi.

"Rudi nyumbani," Shekuwe akamwambia. "Nimekuachia mafungu yangu yote mawili. Kadhi ni shahidi."

Mize aliendelea kushindilia udongo kwa mguu. "Ungalisema siku ile, kaka, ningalilia kwa furaha. Sasa nimekwisha kuchoka nayo. Kaa tunywe maji."

Wakanywa maji, wakazungumza habari za mvua. Baadaye Shekuwe akafuata msafara mwingine kwenda bara, na hakurudi.

Nyumba ile haikukaliwa tena. Dari iliporomoka, na mvua ikalisawazisha kaburi na ua. Wa Shangweni hawalijui jina la Shekuwe, wala hukumu ya kadhi. Lakini mgeni akiuliza magofu yale ni ya nani, wazee kwa watoto humjibu kwamba ni kwa Mwana Mize.