Bibi Harusi wa Kisima cha Lai Chi Vun

Ilikuwa Machi, mwezi ambao Macau yote hutoka jasho. Kuta zinalia, sakafu zinateleza, nguo hazikauki mpaka zinaanza kunuka. Sok Ieng alikuwa ameshavua viatu, anangoja birika lichemke, simu ikalia.

"Wewe ndiye unayewapeleka watu kule ambako kasino hazifiki?" Sauti ya mwanamke, mtu mzima, kavu kidogo.

"Ndiye mimi, dada. Ila kwa ukungu huu leo nimefunga. Piga kesho."

"Sitaki kuzungushwa. Kisimani tu. Niko hapa chini kwako."

Hapa chini kwako…

Sok Ieng akasogea dirishani. Mbele ya mgahawa wa binamu yake Keong alisimama mwanamke wa makamo, shati la kijivu, suruali nyeusi inayoishia juu ya vifundo. Hakuwa na begi. Hakuwa na kamera. Hata simu hakuwa nayo mkononi.

"Huyu katumwa," Sok Ieng akajisemea.

Alikuwa na sababu ya kushuku. Ng'ambo ya madaraja watu walimiminika kwenye kasino usiku na mchana. Yeye aliishi kwa wale waliochoshwa na meza, wakataka kuona kitu kingine. Aliwapeleka hekalu la Tam Kung wakatazame mfupa wa nyangumi uliochongwa ukawa mashua. Aliwapeleka ufukwe wa mchanga mweusi. Mwisho aliwafikisha Lai Chi Vun, kwenye karakana za meli zilizokufa, zimebaki nguzo na mabati. Na hapo kila mara walianza kupiga miayo.

Basi siku moja, jikoni kwake, akaitunga hadithi. Nyuma ya karakana palikuwa na kisima cha zamani, hakina lolote ila maji na majani. Akakipa bibi harusi. Akamwita Sau Lan. Mumewe akaenda kucheza kamari kabla hata maua ya harusi hayajanyauka, asirudi, naye akajitupa kisimani na viatu vyake vyekundu. Hadithi ilihitaji sura. Sok Ieng akainua macho, akamwona bintiye Hoi Lam mezani, anafanya kazi za shule huku akitafuna ncha ya msuko wake. Akampa Sau Lan msuko ule. Akampa na kile kidoti cheusi cha bintiye, chini ya jicho la kushoto.

Miayo ikakoma.

Watu wakaanza kumletea Sau Lan machungwa, udi, vibanio vya nywele. Adelino, mwongoza watalii mwenzake, akaiiba hadithi nzima nzima, akaanza kuleta vikundi vyake. Na sasa mtaani walisema ofisi ya utalii inawatafuta waongozaji wanaowadanganya wageni, iwanyang'anye vibali.

Kabla ya kutoka alichungulia chumbani. Hoi Lam alikuwa amelala tangu arudi shule, bado na sketi ya shule, wali wake kando haujaguswa. Wiki kadhaa sasa alikuwa hivyo. Daktari alimpima damu, akampima macho, akasema ni umri tu.

"Natoka kidogo, mwanangu."

Midomo ya Hoi Lam ilikuwa inatafuna polepole, na mdomoni hakukuwa na kitu.

Chini, Keong akamvuta kiwiko. "Dada Ieng, chunga ulimi. Huyo ni mtu wa ofisi."

"Umejuaje?"

"Nimemkaribisha chai, ya bure. Kakiangalia kikombe kama kimemtukana. Mtu gani anakataa chai ya bure?"

"Labda anaijua chai yako."

"Haya, cheka. Ukirudi huna kibali usije kunililia hapa."

Wakashika njia ya pwani, Sok Ieng mbele, mgeni nyuma. Mwanga ulikuwa unakwisha. Ukungu ulitanda mpaka ng'ambo, upande wa China, haukuonekana hata kwa taa moja. Sok Ieng alihisi nywele zake zimelowa, shingo imelowa, na kola ya shati imemganda. Akageuka amwambie mgeni aangalie utelezi.

Shati la mgeni lilikuwa kavu. Limenyooka kama limetoka pasi sasa hivi.

"Unatoka mbali, dada?" akamtega.

"Mimi ni wa hapa."

"Hapa kijijini, Coloane? Mbona sikujui?"

"Hujawahi kuniuliza."

Sok Ieng akaendelea kutembea, ila sasa alitembea ubavu ubavu, asimpe mgongo. Walipofika kwenye mabati, harufu ikampiga. Mbao mbichi. Maranda. Mafuta yale mazito waliyokuwa wakizibia nyufa za mashua. Karakana zile hazikuwa zimepasua ubao tangu yeye ni msichana.

Na kule ndani, gizani, nyundo.

Ngo… ngo… ngo…

"Nani yuko humo?"

"Wanamalizia kazi," mgeni akasema, kana kwamba kaulizwa saa. "Twende kisimani."

Kisima kilikuwa kimezungukwa na matoleo. Machungwa yamepangwa vizuri, udi umechomwa mpaka vijiti, jozi ya viatu vya karatasi nyekundu. Mgeni akasimama mbali kidogo na ukingo.

"Haya. Simulia."

Mtego huo, Sok Ieng akawaza. Akaanza kwa tahadhari: watu husema, inasemekana, wazee walisikia… Alipofika kwenye viatu vyekundu mgeni akainua mkono.

"Nani aliyekufa humu?"

"Sau Lan. Bibi harusi."

"Kisima hiki nimekiteka maji maisha yangu yote," mgeni akasema. "Nimepikia mafundi wa karakana hii mpaka vidole vikapinda. Hajafa mtu humu. Mimi mwenyewe niliondoka kwa homa, kitandani kwangu, watoto wamenizunguka. Halafu unawaleta wageni unawaambia kuna mwanamke hapa kajitupa majini kwa ajili ya mcheza kamari! Hata aibu huoni?"

*Niliondoka.* Sok Ieng alilisikia neno lile, akalikataa. Akacheka kicheko kidogo kibovu.

"Dada, nani kakutuma? Ni Adelino?"

"Shika chungwa moja."

"Ya nini?"

"Shika!"

Akaokota. Ganda lilikuwa zima, linang'aa, halina hata tundu la sindano. Lakini mkononi lilikuwa jepesi kama yai tupu. Akaliminya kidogo. Likabonyea lote. Ndani hamna kitu.

Akaokota la pili. Hamna kitu.

"Tulidhani ni Keong…" akasema kwa sauti ya chini, "tulidhani anakuja kuyala."

"Mkiita jina, kitu huja," mgeni akanong'ona. "Jina halikuwa na mwenyewe. Basi kimekuja kisichokuwa na jina. Kimekula, kimekua. Sisi majirani hatupumziki. Kinatembea hapa kila jioni kinajifunza kusema. Na sura umekipa wewe."

Chini, ndani ya kisima, maji yakachezacheza.

"Mama…"

Ilikuwa sauti ya Hoi Lam.

"Usiitike," mgeni akasema.

"Mama, mbona uko juu? Njoo."

Sok Ieng akachomoa simu, akapiga nyumbani. Ikaita. Ikaita. Ikaita… Kisha ikapokelewa.

"Hoi Lam! Uko wapi?"

"Nimelala." Sauti ilikuwa nyembamba, kama inapita kwenye bomba. "Mama, naota niko mahali pana baridi. Watu wananiletea machungwa."

"Amka! Hoi Lam, amka uwashe taa!"

"Ni matamu, mama."

Na maneno hayo ya mwisho Sok Ieng aliyasikia mara mbili. Moja sikioni. Moja kisimani.

Akamgeukia yule mwanamke, akamshika mkono. Ulikuwa mkono mgumu, wa mtu wa kazi, na baridi yake ilimpanda mpaka begani. "Shangazi, nisaidie. Nifanye nini?"

"Umekifanya kwa mdomo. Kirudishe kwa mdomo."

Sok Ieng akapiga magoti kwenye udi na majani, akaegemea ukingo. Hakuona maji. Aliona weusi tu, na katika weusi ule kitu cheupe, duara, kimemtazama.

"Hakuna Sau Lan!" akapaza sauti. "Nilidanganya! Nilitunga jikoni kwangu, wageni wasichoke! Hakuna bibi harusi, hakuna viatu! Hujawahi kuwepo!"

Nyundo zikanyamaza.

Akadhani yamekwisha. Kisha ile sauti ikarudi, na safari hii haikuwa ya Hoi Lam wala ya mtu yeyote. Ilikuwa kama ya mtoto anayeamshwa usingizini.

"Basi mimi ni nani?"

Mgeni nyuma yake akavuta pumzi kwa nguvu. "Toka hapo. Usilijibu hilo. Sikia, usilijibu!"

Lakini simu ilikuwa bado iko wazi mkononi, na ndani yake Hoi Lam alikuwa ameanza kulia. Alikuwa anasema maneno yale yale, kwa pumzi inayokatika. Mimi ni nani, mama. Mimi ni nani.

Mzazi gani angenyamaza?

"Wewe si mwanangu!" Sok Ieng akalia. "Mwache! Ukitaka sura chukua yangu! Wewe ni mimi, umesikia? Wewe ni mimi!"

Kile cheupe kikazama.

Alipogeuka, mgeni alikuwa ameshaanza kuondoka kuelekea kwenye mabati. Hakuwa na haraka. Alikuwa anatikisa kichwa tu, kama mtu aliyemwona jirani akimwaga mafuta motoni.

"Shangazi! Imekwisha? Niambie imekwisha!"

Hakugeuka. Ukungu ukamfunika, na harufu ya mbao mbichi ikaondoka pamoja naye.

Sok Ieng alikimbia njia nzima. Alimkuta Hoi Lam jikoni, taa zote zimewashwa, anakula wali kwa kijiko kikubwa moja kwa moja kutoka sufuriani.

"Nina njaa, mama, sijui kwa nini. Mbona umelowa hivyo?"

Akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Baada ya hapo Hoi Lam alinawiri. Sok Ieng yeye aliugua: baridi ya mifupani isiyotoka kwa chai wala blanketi. Akafuta matangazo yake yote. Akamfuata Adelino, akamsihi aache kupeleka watu kisimani. Adelino akamtazama kwa jicho la kumpima.

"Unataka kubaki nacho peke yako, siyo?"

"Sitaki hata kukisikia. Hadithi ile ni ya uongo, nimeitunga mimi."

"Wote twajua ni ya uongo, dada. Ndiyo maana nzuri."

Keong ndiye aliyekuwa akimpandishia supu. Siku moja akaiweka kando ya kitanda, akakaa, akamkazia macho kwa muda.

"Dada Ieng, kama umeshapona si useme tu? Watu tunahangaika na ngazi na mabakuli."

"Nani kakwambia nimepona?"

"Si nimekuona jana jioni unapita na wageni? Nimekupungia mkono, ukanikaushia." Akacheka. "Na shati lako kavu, mvua yote ile. Umenunua wapi?"

Sok Ieng hakucheka. Jana alikuwa kitandani kutwa. Hoi Lam ndiye aliyemlisha.

"Keong, unanitania."

"Sikutanii."

Simu yake ikalia juu ya meza. Ujumbe wa sauti, kutoka namba asiyoijua. Keong akamsogezea. Akaubonyeza. Alikuwa msichana mchangamfu, nyuma yake zinasikika kelele za ukumbi wa hoteli.

"Dada Ieng, asante sana kwa jana, hatujawahi kutembezwa vile! Hasa pale uliposema tuiname mmoja mmoja tutazame ndani ya kisima. Tulitaka kukuuliza kitu kidogo tu. Mwenzetu yule uliyembakiza nyuma umwonyeshe vizuri, mpaka sasa hajarudi hotelini. Bado uko naye?"