Laptopu Iliyokuwa na Joto

Laptopu zote kwenye kaunta ya Injinia zilikuwa baridi, isipokuwa moja.

Mwoka mikate aligundua hilo kwa sababu mkono wake haukujua kutulia. Miaka yote ya kusimama mbele ya tanuri ilimfundisha kuamini mgongo wa kiganja kuliko macho. Mkate anaugusa, unga anaugusa, hata mtoto akisema anaumwa, anamgusa shingo kwanza ndipo amwulize anaumwa wapi. Sasa alikuwa amekuja kumchagulia binti yake laptopu ya chuo kikuu, kitu asichokijua mbele wala nyuma, basi akafanya anachokijua. Akapita akizigusa moja moja mpaka binti akaona haya.

"Baba, hazichaguliwi hivyo."

"Zinachaguliwaje?"

Binti hakujibu. Tangu walipomzika mama yake alikuwa anajibu nusu ya maswali, na nusu yenyewe kwa kichwa. Yeye huyu, ambaye marehemu alimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haufungiki! Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo, na sasa jina lenyewe lilikuwa limekufa pamoja na mwenye kuliita.

Aliyejibu ni Injinia. Hilo lilikuwa jina la utani tu. Vyeti vyake havikufika huko, ila mdomo ulifika na kupitiliza. "Mzee wangu, sikiliza. Anakwenda kusomea usanifu wa majengo, si ndiyo? Basi asikubali hivi vimashine vya kuandikia barua. Michoro inakula nguvu. Anataka kumbukumbu ya kutosha, skrini isiyomuumiza macho, betri itakayovumilia vipindi, na bawaba ngumu, maana wanafunzi wanafungua laptopu kama wanavunja mlango. Na rangi isimdanganye. Wapo wanaonunua rangi, halafu wananirudia hapa na machozi."

"Na hii je?" Mwoka mikate alikuwa ameweka kiganja juu ya laptopu ya kijivu, mwisho wa kaunta. "Hii ina moto. Umetoka kuiwasha?"

Injinia akakunja uso. "Hiyo sijaigusa tangu ilipoingia na mzigo. Haina hata chaji." Akaigusa, akauondoa mkono upesi, akacheka kicheko cha kujilazimisha. "Jua la dirishani hilo."

Dirisha lilikuwa upande wa pili wa duka.

Ilipochomekwa kwenye umeme, iliwaka bila kusuasua. Ilikuwa na kila alichokitaja Injinia, na juu yake ilikuwa na programu za michoro tayari ndani, zile zile ambazo binti alikuwa amezitafuta kwenye simu mpaka akakata tamaa. Macho yake yakachangamka. "Baba, hii hapa."

"Subirini niifute kwanza," Injinia akasema. "Utaratibu wangu ndio huo. Mashine haitoki dukani kwangu na mambo ya mtu mwingine ndani. Naifuta yote, naanza upya."

"Na hizo programu?"

"Zinafutika nazo."

Baba akamtazama mtoto, akaona macho yale yanaanza kuzima tena. Jamani, mzazi gani angeweza? "Usifute," akasema. "Tupe hivyo hivyo."

"Mzee, mimi kitu hicho sikipendi."

"Nitakayekaa nayo ni mimi, siyo wewe." Akaipigapiga ile laptopu kwa utani wake wa siku zote. "Haya mgeni, karibu nyumbani. Jisikie uko kwenu."

Siku za mwanzo zilikuwa za raha, na hapo ndipo panapouma zaidi. Alikuwa akirudi jioni, mweupe kwa unga, viatu mkononi, anasikia kicheko chumbani kwa binti. Kicheko! Alisimama koridoni akisikiliza, hathubutu kubisha asije akakikatiza. Akajiambia mtoto amepata marafiki wa chuo kwenye mtandao. Kazini akawatangazia wenzake, "Ile mashine imenirudishia mwanangu," na mmoja akamtania amnunulie na yeye moja, ampelekee mkewe aliyenuna nyumbani.

Kisha ikaja harufu.

Marehemu alikuwa fundi cherehani, na yale mafuta ya cherehani yalimwingia vidoleni hata sabuni ikasalimu amri. Jioni moja baba alifungua mlango, harufu ile ikampokea mbichi kabisa. Akaenda moja kwa moja sebuleni, kwenye cherehani iliyofunikwa shuka tangu siku ya maziko. Akaifunua. Ilikuwa imekauka, ina vumbi, buibui amejenga kwenye pedali. Akageuka. Harufu ilikuwa inatoka chini ya mlango wa binti, na pamoja nayo ikaja sauti ya pedali, ikienda, ikisimama, ikienda tena taratibu, kama mtu anayegeuza pindo na hataki kukosea.

Halafu akasikia maneno.

"Chiriku, simama sawa nikupime mabega."

Alisukuma mlango bila kubisha hodi. Binti alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ameitandaza, kidevu ameinua, kama mtu anayepimwa nguo. Laptopu ilikuwa juu ya kitanda, imefungwa.

"Unaongea na nani?" Sauti ya baba ilitoka kwa mnong'ono.

"Taratibu, Baba. Utamfukuza."

"Nitamfukuza nani?"

"Mama." Alisema hivyo huku akitabasamu, na ndipo baba alipoona vile mashavu yalivyoingia ndani, na vile mifupa ya mabega ilivyochomoza. Uji wa asubuhi ulikuwa mezani umeganda. "Ananishonea. Amesema nisihangaike na chuo. Nguo ikiisha tunaondoka wote."

"Nguo gani, mwanangu?"

"Nyeupe."

Baba aliichukua ile mashine, akachomoa betri, akaifungia kabatini. Binti alilala mlangoni pa kabati. Kesho yake hakunywa hata maji, na kutoka ndani ya kabati, bila betri, bila umeme, sauti ya pedali iliendelea. Chuo kilikuwa kinakaribia kufunguliwa, lakini baba hakuwaza tena chuo. Alichowaza ni kwamba ile nguo ilikuwa inakaribia kwisha.

Akaibeba mpaka kwa Injinia. Injinia, yule mwenye jibu la kila kitu, aliifungua kifuniko, akainamisha sikio, akarudisha kifuniko pole pole.

"Mzee, mimi natengeneza vitu vya umeme," akasema kwa sauti ndogo. "Huyu si wa umeme. Kufuta nitakuja kufuta, lakini atangulie Mama Pole."

Mama Pole alikuwa mganga wa mtaa wa nyuma, na jina alilipata kwa sababu alikuwa anakupa pole kabla hujasema shida. Alikuja alasiri na ndala zake, akilalamikia goti, akaomba kiti. Akamtazama binti aliyekuwa sakafuni ameikumbatia laptopu iliyorudishwa, akaacha kulalamika.

"Nani alimkaribisha?" akauliza.

"Hakuna aliye..." Baba akakumbuka alivyoikaribisha mashine dukani. "Mimi. Nilikuwa natania."

"Wenzetu hawa, majini, hawajui utani. Basi mwenye nyumba ndiye amemkaribisha, na mwenye nyumba ndiye atakayemfukuza, kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nitasoma yangu, lakini neno la mwisho ni lako." Akasogeza kiti karibu. "Sikiliza, mwanangu. Utamsikia mkeo. Sauti ni ya kuazima. Atakulilia, na ukimpa jina la mkeo hata mara moja, mtoto huna. Na wakitoka hawa huwa wanatukana, wanapiga kelele, wanavunja vyombo. Usishtuke."

Injinia alisimama mlangoni na vifaa vyake, roho juu. Mama Pole akaanza kusoma. Kwanza hakukuwa na kitu ila pumzi za watu. Kisha harufu ya mafuta ikajaa chumba kizima.

"Baba Chiriku."

Ilikuwa sauti ya mkewe. Hakukuwa na kasoro hata moja, na hata ule mkwaruzo mdogo wa koo uliokuja na ugonjwa ulikuwapo.

"Baba Chiriku, umerudi mapema leo. Njoo hapa. Una unga kwenye nyusi."

Mkono wa mwoka mikate ulipanda wenyewe kwenye nyusi. Hilo neno alikuwa akiambiwa gizani, chumbani kwao, mtoto akiwa usingizini, na hakupata kumsimulia mtu. Alimtazama Mama Pole, na Mama Pole akatikisa kichwa na kuzidi kusoma, na sauti ile ikaendelea, haigombi, haitishi, ikamwambia kwamba huko nje ni baridi, kwamba amechoka kutembea, kwamba hataki kitu ila kukaa na watoto wake wawili, maana wewe nawe ni mtoto wangu, nani anakupikia sasa, nani anakukanda mgongo, unanifukuza niende wapi mimi, na binti sakafuni akawa analia, "Baba usiseme, nakuomba, Baba usiseme," na mikono yake iliyokuwa imeishikilia ile mashine ilikuwa imekonda kiasi kwamba baba aliona mapigo ya damu yakipita chini ya ngozi, na yalikuwa yanapungua kasi, yanapungua, na ile pedali ilikuwa imesimama, kama mtu aliyefika mwisho wa mshono na sasa anatafuta mkasi akate uzi.

"Toka nyumbani kwangu," akasema.

Katika ndoa yao yote, hata siku za ugomvi mkubwa, hakuwahi kumwambia mkewe neno hilo. Lilimtoka na machozi.

Injinia alijifunika kichwa akingoja vyombo vivunjike. Mama Pole alikishika kiti kwa nguvu. Kisha ile sauti ikasema, ndogo, bila hasira yoyote, kama alivyokuwa akikubali mambo marehemu maisha yake yote:

"Haya, baba. Naondoka. Mle vizuri."

Na harufu ikaisha. Binti alipiga ukelele uliowatoa majirani nje. Injinia akaichomeka mashine, akaifuta yote, programu na kila kitu, mpaka skrini ikabaki tupu. Baba akaigusa kwa mgongo wa kiganja. Ilikuwa baridi.

"Huwa wanaaga hivyo?" akamwuliza Mama Pole akimsindikiza.

Mama Pole alitafuta ndala zake kwa muda mrefu. "Mtoto atapona," akasema. "Shika hilo."

Kweli alipona. Alianza na maji, akafuata uji, mashavu yakajaa. Injinia alimletea laptopu nyingine, nyeusi, tupu, aliyoifuta mbele ya macho yao. Lakini binti hakuzungumza na baba yake. Aliweka sahani akala, aliondoa sahani akaosha, na kati ya hapo hapakuwa na neno. Baba alijitahidi kutania, akaishia kujichekea mwenyewe. Usiku alijigeuzageuza akiisikia ile "Haya, baba," na kila alivyoisikia ilizidi kuwa ya mkewe.

Siku ya kuondoka walisubiri basi la chuo kituoni, begi katikati yao. Basi lilipowasha injini, binti akaongea.

"Baba, majini yanaaga?"

"Yanajua kudanganya, mwanangu."

"Yule alituambia tule vizuri." Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Na kama alikuwa mama kweli?"

Baba alitaka kusema kitu cha mzazi, kitu cha mwanamume mwenye hakika na jambo lake. Akaishia kuinama ambebee begi. Binti akatikisa kichwa, akabeba begi lake mwenyewe, akapanda. Hakupunga mkono.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa linazama, na ndani hakukuwa na pumzi nyingine ila yake. Akaweka simu mezani sebuleni, akakaa sakafuni chumbani kwa binti, mgongo ukutani, akalia mpaka kifua kikauma. Amempoteza mke mara mbili, na mara ya pili kwa mdomo wake mwenyewe, na mtoto naye hamtaki. Sasa kilichobaki cha kulinda ni nini?

"Mke wangu," akasema. "Kama ulikuwa wewe, nisamehe. Nilimwogopea mtoto. Ameshakwenda, yuko salama, nimebaki peke yangu. Rudi. Nyumba ni yako, ingia."

Alisubiri harufu ya mafuta ya cherehani. Haikuja. Kilichokuja ni joto, la ukutani kwanza, likimpanda mgongoni taratibu kama alivyolijua joto la tanuri, kisha mlango wa chumba ukajifunga.

"Nilijua utaniita," ikasema sauti.

Haikuwa ya mkewe. Haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume, na hakuwahi kuisikia popote maishani mwake.

Basi hakuwa yeye! Katikati ya hofu ile moyo wake uliruka kwa furaha, ndiyo, furaha, akatamani kumpigia binti yake simu amwambie hilo moja tu: mwanangu, hakuwa mama yako, sikumfukuza mama yako. Lakini simu ilikuwa mezani, upande wa pili wa mlango, na mbele ya mlango alikuwa amesimama mtu, ana nguo nyeupe mkononi, anamwambia asimame sawa apimwe mabega.